Pengo la Mwanatumu

Miaka ishirini na minane nimekula mshahara wa giza.
Chumba changu hospitalini hakikuwa na dirisha:
taa moja nyekundu, mabeseni matatu, saa ya ukutani, na mimi.
Filamu ya jino haizidi stempu ya barua.
Naichovya, nahesabu, naitikisa, naisuuza,
naitundika kwa kibanio kama soksi ya mtoto,
na nje kwenye benchi watu wameshika mashavu.
Harufu ya dawa ilinifuata hadi Kibokoni.
Mwanatumu akiinusa kanzu yangu, aniulize:
"Leo umepiga meno mangapi?"

Nalikuwa najivunia, sisemi uongo,
mpaka Jumatano moja ya Shaabani
alipokuja yeye, shavu limeumuka kama mofa.
Nikapiga. Nikaosha.
Dawa ilikuwa imechoka, na nilijua imechoka.
Picha ikatoka ukungu mtupu.
Ningerudia. Lakini foleni, lakini adhuhuri,
lakini mionzi mara ya pili, na ni mke wangu...
Daktari akaiinua dirishani, akakodoa, akasema, "Hili."
Likang'olewa hilo.
Lilikuwa zima.
Bovu likabaki kando yake, likampigia ngoma usiku kucha.

Hajanilaumu hata siku moja.
Alijifunza tu kucheka na ncha ya buibui mdomoni.

Jana nimempeleka Ganjoni, ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi.
Daktari ni Twaiba, binti wa jirani;
meno yake ya utoto aliyarusha juu ya bati letu.
Nikamuuliza, "Chumba cha giza kiko wapi?"
"Babu, giza tumelistaafisha kama wewe."
Akamvisha Mwanatumu aproni nzito,
akamtia kinywani kibamba chenye mkia wa waya,
akasogea kando, akabonyeza. Ti.
Sijamaliza bismillahi,
taya la mke wangu limejaa kwenye kioo cha kompyuta.

Wallahi niliona haya kuliona hivyo mbele za watu,
na mizizi yake, na mifereji ndani ya mizizi.
Twaiba akaivuta picha, gego likawa kubwa kama gudulia,
akapunguza weupe, akazidisha kiza,
yote kwa kidole, pasi tone kumwagika sakafuni.
"Mionzi yetu ni michache kuliko yenu ya zamani,
na picha ikiharibika naiona papo hapo.
Tazameni hapa, katikati ya magego,
kijioo changu cha mkononi hakifiki:
kivuli, kadiri ya chembe ya ufuta.
Hakijamuuma bado. Nikikiziba leo, jino halitoki."
Akaituma picha kwa mwalimu wake Nairobi,
jibu likarudi kabla sindano ya ganzi haijashika.

Mimi macho hayakuwa kwenye ufuta.
Yalikuwa kule kwenye pengo.
Mfupa umebonyea pale
kama godoro alilolalia mgeni akaondoka.
Miaka kumi na tisa, na kosa langu
limepata picha safi kushinda zote nilizopata kuosha.

Nikataka kusema. Mate yakanikauka.
Mwanatumu, nusu ya mdomo si yake,
akanyoosha kidole kwenye kioo, palepale,
na kwa ulimi mzito akasema,
"Hapo ndipo mume wangu alipotia sahihi."
Twaiba akadhani ni ganzi inayosema.

Tukashuka ngazi taratibu.
Niliinusa mikono yangu; haikunuka kitu.
Muuza mabuyu akatuita, nikamkatalia kwa ukali wa daktari,
na Mwanatumu akacheka, mdomo umependa upande mmoja,
pengo wazi kwa barabara nzima kuona.
Buibui hakulivuta.
Au labda ni mkoba, mikono yote miwili ilikuwa imeshika mkoba.
Sikuuliza.