Matone Manane

Jitesh amevipanga vipimo vitatu juu ya kioo cha kaunta
kama mtu anayenichagulia pete:
vipande vya karatasi, vichupa vya matone,
na mashine ndogo ya namba ambayo bei yake sikuiuliza mara mbili.

Daktari amenipa laki moja na maneno machache:
"Nembris, samaki wasife tena."
Wa kwanza alikufa Jumanne, mgonjwa akimtazama kutoka kwenye benchi,
mdomo wazi huyu, mdomo wazi yule.
Nilimfukia nyuma ya jenereta
kwa kijiko cha kukorogea plasta ya meno.
Maji yalikuwa maangavu hata ungesomea gazeti ng'ambo ya pili.
Hapo ndipo niliposhika adabu.

Karatasi ni za haraka: chovya, kung'uta, soma.
Lakini rangi zake ni ahadi ya fundi cherehani,
kati ya leo na kesho pana nafasi ya kulala.
Nikaziweka kando.

Mashine inasema kweli, Jitesh aliapa,
ila nayo hupimwa kabla ya kupima,
ina maji yake maalumu, ina betri bapa ya kuagizia Nairobi.
Nikaiweka kando kwa heshima.

Vichupa, basi. Nikavigeuza kimoja kimoja, natafuta tarehe.
Kimoja kiliisha muda Machi ya mwaka juzi.
"Hicho bado kizuri."
"Kizuri kwa nani?"
Akakirudisha chini, akatoa boksi jipya,
nami nikahakikisha limeandikwa maji ya chumvi,
maana chumvi humdanganya asiyeizoea.

Saa nne asubuhi, dirishani,
si chini ya taa ya ukutani inayogeuza kila kijani kuwa njano.
Mililita tano. Matone manane ya hiki, matone manane ya kile,
chupa ikiwa wima, kwa kuwa tone la mshazari ni tone la wizi.
Tikisa. Ngoja dakika tano, usizipunguze kwa ajili ya simu.
Amonia: njano ya ndimu. Sifuri.
Nitraiti: buluu ya sare za shule.
Nitreti: chungwa linaloelekea wekundu,
nikamwaga ndoo moja, nikajaza nyingine.
Wale wawili wenye mistari wakatoka mweupeni mwa mwamba
kuja kuona ni nani anayewahangaikia hivi.

Nami nikabaki na kadi ya rangi mkononi.

Nimezaliwa Maji ya Chai. Jina lenyewe limeshatoa ushahidi.
Tuliyanywa, tukayapikia makande,
wageni wakayasifu kwamba yana utamu wa mlimani.
Kadi yetu tulikuwa nayo mdomoni,
hudhurungi juu ya hudhurungi,
na hakuna aliyeipeleka dirishani saa nne.
Ndiyo maana mimi hucheka na mkono.

Jana nilirudi dukani.
"Cha floridi kipo?"
Jitesh akacheka: "Kwani samaki wako wana meno?"
Nikacheka nami, nikasahau kuinua mkono,
naye akaacha kucheka.
Akafungua daftari la oda, akaandika polepole,
akanionyesha alivyoandika.
Wiki tatu, labda nne.

Elirehema, binti wa kaka yangu, ana miaka miwili.
Meno yake ya utoto ni meupe, mchele wa Magugu,
na mama yake huyaonyesha kwa kila anayebisha hodi.
Daktari anasema yale ya pili yanaandikwa sasa hivi
ndani ya ufizi, kabla hajatokea wa kuyasoma.

Kila Jumamosi napanda nyumbani na madumu mawili
ya maji ya mashine ya kuchujia,
yale yale ninayochanganyia chumvi ya samaki.
Daktari anaona pipa limeshuka.
Hajauliza.