Shavu la Samaki

Mama hakuwahi kunielewa.
Miaka kumi na minne nashuka mto Gasconade
na mtumbwi wangu wa bati, uliobonyea ubavu,
navua besi, nawarudisha majini,
narudi nyumbani na harufu yao tu viganjani.
"Umemtoboa mdomo," husema,
"umemtoa kwake, umemtazama usoni,
halafu unamwambia nenda?
Huo si uvuvi, Harlan. Huo ni uchokozi."

Yeye alizaliwa humu, kwenye vilima vya Ozark,
mwaka mahindi yalipokauka yangali mabua:
watoto saba, sahani nne.
Samaki hakuwa mchezo.
Samaki alikuwa Jumanne. Alikuwa Alhamisi.

Jana, chini ya jabali, pale maji yanapojikunja
nyuma ya mwamba kama paka atafutaye pa kulala,
mmoja aliishika ndoano.
Akaruka mara mbili. Ubavu wa shaba,
macho mekundu kama ya mtu aliyekesha.
Nikamlaza kwenye rula: inchi kumi na tano na ushei.
Sheria ilikuwa upande wangu. Mkono haukuwa.
Nilisimama naye kitambo, maji yakinipiga magotini,
nikizihesabu zile sahani nne.

Mama hakusema ahsante.
Mikono yake, ambayo siku hizi humwaga chai,
ilishika kisu ikatulia.
Magamba yakaruka hadi kwenye pazia.
Akampasua tumbo, akachomoa humo
kamba wa mtoni, mzima, magando kayakunja kifuani
kama msafiri aliyepitiwa na usingizi.
"Ona," akasema, "tumemkatiza chakula cha mchana."
Hatukucheka, wala hatukunyamaza kwa huzuni.
Akamweka kamba kando, kwenye kisosi,
kama mgeni ambaye hakualikwa lakini keshafika.

Mtindi kwanza, robo saa.
Kisha unga wa mahindi, pilipili manga, chumvi.
"Kiasi gani?"
"Mpaka mkono useme basi."
Kikaango cha chuma, kinachonizidi umri,
kisichojua sabuni ni kitu gani;
mafuta ya nguruwe yakayeyuka, yakawa kioo.
Akadondosha chembe ya unga.
"Yasiponung'unika, usimtie."
Yakanung'unika.

Tulikula kwa vidole, tumesimama,
na nyanya iliyokatwa vipande vinene, na kitunguu kibichi.
Nyama nyeupe ikaachana na miiba bila ugomvi.
Na hapo nikaona aibu yangu:
nilijua uzito wake, hila zake,
nilijua saa anayotoka kivulini,
nilikuwa na picha zake ukutani,
na sikujua utamu wake.
Ladha ya jiwe baridi, kisha, mbali kidogo, siagi.

Mama akachimba kwa ukucha chini ya jicho,
akatoa kinofu, si kikubwa kuliko haragwe,
akakiweka ukingoni mwa sahani yangu.
"Shavu. Hili lilikuwa la baba.
Hakuna aliyethubutu kuligusa."
Nikala polepole, kama mwizi aliyepewa funguo.

Miiba tukaifukia penye nyanya.
"Na kesho?" akauliza, akifuta kikaango kwa kitambaa.
"Kesho nitamwachia."
"Mwachie. Ila mwombe radhi kwanza."
Gamba moja lilikuwa bado limenasa
kwenye kioo cha miwani yake, pembeni, liking'aa.
Sikumwambia.