Soma Chini ya Mbonyeo

Silinda za kupimia zilikuwa mbili.
Moja ilipasuka Juni, maji yalipolala ndani yake
yakaamka barafu.
"Maji yakiganda hudai nafasi zaidi," alisema Mwalimu Saturnina
akizoa vigae kwa karatasi ya mtihani wa jana.
Ndivyo tulivyoanza somo la ujazo,
kwa gharama ya nusu ya maabara.

Mji wetu, huku juu Bolivia, umekalia mgodi wa bati.
Tuko juu mno. Hewa yenyewe hugawiwa kwa kijiko.

Tuliambiwa kila mtu aje na kitu.
Kiberiti cha Zenobia hakikusumbua:
urefu mara upana mara kimo, rula ikamaliza kazi.
Froilán akaleta bonge la chumvi,
akalifunga uzi, akalizamisha kwa madaha,
akasubiri, akasubiri tena, akajieleza.
Uzi ukarudi peke yake.
Tulicheka hadi Zenobia akashika mbavu.
"Si kila kigumu hukubali kuhojiwa na maji," mwalimu akasema.
"Kesho njoo na mafuta ya kupikia."

Mimi nilikuwa na jiwe la baba,
jeusi, halizidi kidole gumba,
zito kama deni la dukani.
Maji yalisimama hamsini.
Nikalishusha taratibu lisirushe tone,
maji yakajisogeza juu, yakalipisha.
"Sitini na nne," nikasema.
"Inama."
Nikainama hadi jicho likalingana na maji.
Kumbe pembeni yanaparamia kioo,
katikati yamebonyea kama godoro la mgonjwa.
"Pembeni yanajisifu. Soma chini ya mbonyeo."
Sitini na tatu. Toa hamsini.
*Mlima umepungua sentimita za ujazo kumi na tatu*,
niliandika pambizoni.
Mwalimu akaizungushia duara jekundu. Hakuifuta.

Kazi ya nyumbani: pima pumzi.
Mama aliazima kanisani chupa ya kioo, lita tano, ya mvinyo.
Nikaichora mistari, kila mstari robo lita,
nikaijaza, nikaipindua ndani ya beseni,
nikaingiza mpira mwembamba wa gesi.
Wara, miaka tisa, alipuliza mistari saba
akazunguka meza akijipigia makofi.
Mama kumi na mitatu, kisha akarudi kwenye viazi vyake.

Baba alifuta midomo.
"Hiyo chupa ndogo kwangu," akasema.
Miaka kumi na tisa chini ya mlima.
Akavuta; kifua kikapiga mluzi.
Akapuliza: mapovu matatu makubwa,
kisha madogo, madogo,
kama chungu kilichoepuliwa motoni.
Akakohoa.
"Na kikohozi ukihesabu."

Maji yalitulia karibu na mstari wa sita.
Karibu. Hayakuufika.

Nilijua la kufanya ili yaufike.
Ningelala sakafuni, nikatazama kutoka chini kwenda juu,
kioo kingemwongezea baba mstari mzima, labda miwili,
akawa sawa na Wara.
Sakafu ilikuwa pale pale. Baba alikuwa ananitazama.

Nikapiga magoti. Jicho sawa na maji.
Nikasoma chini ya mbonyeo,
na katika chupa iliyopinduliwa, ambamo hewa iko juu,
kusoma chini kulimpa baba
unywele mmoja zaidi wa pumzi.
Unywele ule ulikuwa wa haki. Nikauandika.

"Nimefaulu?" akauliza.
Nikampa taulo.
Akalitafuta jiwe lake mezani, akalipima kiganjani,
akalirudisha mfukoni bila kuuliza lilipata ngapi.

Maji ya beseni tulimwagia kabichi.
Huku kwetu hakuna maji ya kutupa.