Ukara Haimo

Shangazi Nyamisi amepiga simu saa tatu usiku:
"Wewe unayefuga mvua kwenye kompyuta,
kesho nianike udaga, nisianike?"
Nikamwambia subiri, bado inapikwa.

Inapikwa kweli. Chumba chetu hapa Kirumba
feni nne zinapuliza joto la hesabu,
na nje jenereta inakohoa kila umeme ukisitasita.
Hewa yote ya ziwa imekatwa miraba
kama kashata kwenye sinia,
kilomita kumi na tano kwa kumi na tano,
kila mraba na joto lake moja, upepo wake mmoja.
Unamuuliza jirani: wewe una ngapi?
Unajirekebisha, unasogea dakika moja mbele,
unauliza tena.
Umbea mtupu wa namba,
mpaka alfajiri ipatikane kabla ya alfajiri yenyewe.

Nikamtafuta Shangazi kwenye ramani.
Ukerewe ipo, imenyolewa kona.
Kome ipo kwa shida.
Ukara haimo.
Mraba wake ulipigiwa kura, ardhi au maji,
maji yakashinda kwa kidogo
na mshindi akachukua vyote:
majabali, ng'ombe wa zizini, matuta ya mtama,
shule na kengele yake ya rimu la gari.
Kwa hesabu zetu, Shangazi anaanika udaga
juu ya maji ya nyuzi ishirini na tano.

Niliwaza kumweleza. Nikaona ataniuliza,
basi hapa naongea nawe nikiwa wapi?

Mahendeka, mwenzangu wa zamu, alikuwa amesinzia kitini,
kwa hiyo hakuna aliyeniona nikifungua faili la ardhi,
mstari wa mia mbili na kumi na nne,
nikafuta sifuri, nikaandika moja.
Kisiwa kizima, kwa kidole cha shahada.
Sikuhisi utukufu wowote. Nilihofia kukaripiwa.

Nikaanza upya.
Pepo za nchi kavu zikashuka ziwani kutoka kila upande,
zikakutana katikati kama wakwe wasioelewana,
mawingu yakapanda.
Lakini pale penye moja yangu
palikuwa pamepoa kuliko maji,
na dhoruba ikasita, ikasogea mashariki kidogo,
kama mtu aliyejikwaa kizingiti asichokijua.
Milimita kumi na moja zikawa mbili.

Saa kumi alfajiri nikampigia.
"Anika, ila turubai liwe karibu."
Akacheka. "Hilo hata mimi ningejiambia."

Saa tatu asubuhi mwalimu Majura,
anayesoma kipimo cha mvua pale shuleni,
akatuma ujumbe bila salamu, kawaida yake:
"Milimita sita. Buibui aliyekuwa ndani ya kipimo amehama."

Ile moja sijairudisha kuwa sifuri.
Nikaingiza sita.
Kwa ajili ya buibui hatuna safu.