Samahani kwa Usumbufu

Bwanaheri wa chapa, pale Langoni,
hanitozi kitu. "Chukua," hunambia,
"zisipokwenda kwako zitaliwa na punda."
Mfuko mzima: kingo za kadi za harusi za watu,
nyembamba kama tambi, nyingine zimeng'ata dhahabu.

Gundi ni uji wa ngano. Mkasi ni wa mama,
umelegea msumari, hukata kwa kubembelezwa.
Karatasi ya halua nimeianika dirishani;
bado ina mafuta, nayo hupitisha mwanga
kama ukucha wa mtoto.

Kumi na moja nimemaliza, na Idi ni keshokutwa.
Ya shangazi wa Matondoni, ya mwalimu wa chuoni,
ya Tima aliyejifungua mapacha: hiyo nimeibandika
tiketi mbili za boti, buluu na buluu.

Imebaki ya Mwanatumu.
Miaka miwili hatusemezani, na nyumba zetu
zimepakana ukuta; akikuna nazi nasikia.
Nimeshika kalamu hadi wino ukakauka.
Mkono wangu mgumu, naujua.

Ndipo mfukoni ikatoka notisi ya kampuni ya maji,
ile ya kukatiwa mfereji mwezi wa Rajabu.
Nikakata neno moja: *Samahani*.
Nikaligandisha katikati ya dhahabu za harusi za watu.

Nikatazama. Likawa pweke mno.
Nikairudia notisi, nikakata na mengine:
*kwa usumbufu uliojitokeza.*

Atacheka, namjua.
Uji haujakauka. Naipulizia.