Utenzi wa Mali na Sahani Kavu

Nasimulia ya Mali,
si mali yenye kufuli,
ni msichana wa mbali,
wa Welisi milimani.

Mji wake Bethesda,
mvua kule siyo shida,
hunyesha kama ibada
toka Juni hadi Juni.

Vigae vyake vyeusi
vyang'aa kama kamasi,
kondoo wana nafasi
ya kuingia dukani.

Kwao uganga ni jadi:
mamaye hupiga radi,
kaka huita baridi
maji yagande mtoni.

Mali akinena, "Koma!"
mvua kweli husimama,
lakini ukitazama
ni upana wa sahani.

Kichwa kikavu kabisa,
mabega yote mikasa,
wenzake humnyanyasa,
humwita Mwavuli Duni.

"Mimi niliumbwa nusu,
uganga haunihusu,
nipeni mwiko na kisu
niwe mpishi jikoni."

Usiku wa Januari
majiko yakawa shwari,
chai ikakosa ari,
moto ukafa mekoni.

Bibi Nona akajua:
"Joka letu laugua,
paa linavuja mvua,
inatona kifuani.

Ndiye mama wa mioto,
majiko yote watoto,
akifa, hatuna joto
hata chembe kiganjani."

Wakaingia wakubwa
kwa majoho ya kubebwa,
wakabweka kama mbwa,
mwangwi ukacheka ndani.

Radi! Paa lapasuka,
maji zaidi yashuka,
naye kaka kaanguka
barafuni mwake, chini.

Mali alibeba chupa
na mikate ya kuwapa;
"Mimi sina kazi hapa,"
ajisemea moyoni.

Wakatoka kwa hasira.
Tochi yamulika sura
ya joka lisilo dira,
limelala matopeni.

Ulimini, kaa dogo,
si kubwa kupita gego;
mvua yalipiga pigo,
tone, tone, bila soni.

Joka likasema, "Nenda,
mabingwa yamewashinda,
wewe utaweza, kinda,
kulifanya jambo gani?"

Mali akanena, "Sina
uganga wenye maana.
Ninacho kidogo sana,
kipimo chake sahani."

Likalifumbua jicho:
"Hicho, kinda, ndicho hicho!
Walileta kochokocho
wakanizika majini."

Akainua mkono,
akakaza yake meno,
akalitamka neno:
"Koma," sauti ya chini.

Tone likaganda juu,
kaa lapata nafuu,
ingawa hadi miguu
Mali alowa, jamani.

Saa moja, saa mbili,
mkono wachoka kweli,
akautega wa pili,
kamasi hadi shavuni.

Akawaza, "Sitoweza,
mama angelimaliza,
mimi nitaliumiza…"
Kiganja bado hewani.

Kaa likafika yai,
kisha birika la chai,
joka lapata uhai,
moshi watoka puani.

Mjini, nyumba kwa nyumba,
mabirika yakaimba,
na kondoo wakatamba,
waota moto dukani.

Mali hakuvikwa taji.
Mabuti yajaa maji,
akapewa supu, uji,
na taulo la begani.

Kesho yake ikanyesha.
Mali akaikomesha,
jibu likamchekesha:
bado ni ile sahani.

Akaona tetemeko,
kinda la kunguru huko.
"Haya, chukua, ni yako,
mimi nitalowa, kwani?"