Mkono Usioziba

Tini ya Bursa ni nyeusi, shingo imepinda,
ngozi ina mifereji, na takoni ina jicho
linalotoa tone la asali likikaribia kuiva.
Ukiibana haisemi siku hiyo.
Husema kesho, ndani ya trei,
kwa doa la rangi ya chai iliyokolea,
na doa likisema
Bwana Nihat hukata fedha.

Misimu ishirini na sita nimezishika
kwa vidole vitatu.
Utomvu wake umenila ncha.
Mwaka juzi benki waliniwekea kidole kwenye kioo,
mara moja, mara nne,
yule kijana akafuta kioo kwa shati lake, akasema:
Mama Mediha, mashine inasema wewe hupo.

Basi msimu huu kaja Tuncay,
mtoto wa fundi friji wa mtaa wa chini,
na mkono wake wa chuma.
Mwishoni mwa mkono, kikombe cha mpira,
kidogo, chenye kiburi.
Kilitaka kukumbatia pande zote, kisibakie hata ufa.
Kwa yai, sawa. Kwa sahani, sawa.
Lakini tini ina mfereji,
na mfereji mmoja unatosha:
hewa ikapenya, kikombe kikasusa,
pwaa, sakafuni.

Akaongeza nguvu.
Tini ikapanda, kweli,
ikashuka na pete shingoni
kama aliyenusurika kitanzi.
Bwana Nihat alicheka hadi akakohoa.
Tuncay akaketi juu ya kreti
akila zilizopasuka, moja baada ya moja,
kama mtu anayelipa deni kwa mdomo.

Nikamwonea huruma. Nikamwambia,
tazama mkono wangu ukishika.
Akatazama.
Umeona mwanga unapita hapa, na hapa?
Mimi sizibi, mwanangu.
Sijawahi kuziba.

Akaondoka, chai yake haijaguswa.

Siku ya tatu karudi na mota
aliyoing'oa kwenye mashine ya mama yake ya kufyonza vumbi
(mama hajaambiwa),
bomba nene kama paja la mbuzi,
na mdomo wa sponji laini wenye matundu.
Alipoiwasha, banda zima likavuma,
vilemba vyetu vikageuka kuitazama.
Ikaisogelea tini. Haikuibana.
Hewa ikakimbilia ndani kwa kila upenyo,
kwenye mifereji, chini ya shingo iliyopinda,
ikavuja huku, ikavuja kule,
na katika kuvuja huko huko
tini ikainuka,
imekaa kwenye sponji
kama imeamua yenyewe.

"Ivuje itakavyo," Tuncay akapaza sauti juu ya mvumo,
"mradi nivute zaidi ya kinachovuja!"
Nikafikiria nyumba yangu. Nikafikiria ndoa.
Sikusema kitu.

Kilichomshinda ni kuachia.
Alikata hewa ghafla, tini ikaanguka
kimo cha unene wa kidole tu,
na kimo hicho kinatosha kwa doa.
Nikamfundisha: punguza
kama unavyochomoa mkono
chini ya kichwa cha mtoto aliyelala.
Alasiri nzima tulichomoa mkono.

Tuko wanawake kumi na wanane.
Mwakani, nasikia, watatosha sita.
Nilimwona Bwana Nihat mlangoni
akituhesabu kwa macho, midomo ikichezacheza.

Jioni wenzangu walipokwenda kunawa
nikaingiza kiganja changu chini ya ule mdomo.
Kikainuka.
Mifupa, makunyanzi, ncha zisizo na alama,
vyote vikashikwa; hakuna aliyeniuliza mimi ni nani.
Tuncay akapunguza hewa, taratibu, taratibu,
mkono wangu ukarudi mezani bila sauti.

Akanitazama, anangoja.
Nikamwambia: bado una haraka kidogo.